Nungunungu Amekubali

Saa nne usiku, Viljandi. Theluji imefika kingo ya dirisha
na Heldur yumo vitani jikoni.
Silaha zake: miwani ya kusomea, kidole kimoja,
chai iliyopoa tangu saa mbili.
Adui anajiita Nungunungu.
Hatumjui. Huenda ni mwalimu wa Pärnu, huenda ni kijana wa Narva
aliyepaswa kuwa amelala, huenda ni daktari wa meno.
Usiku huu mmoja Heldur amemwandikia maneno mengi
kuliko aliyomwandikia ndugu yake tangu wamzike mama yao.

Ugomvi ni kura.
Mtu apige kwa kompyuta, na soksi zake miguuni, supu pembeni,
au aende shuleni atumbukize karatasi
mbele ya macho ya watu?
Heldur yuko upande wa soksi.
Alikuwa fundi wa mitambo ya maziwa miaka thelathini;
anaamini kila chenye waya
kikiharibika kitapiga kengele.
"Mashine haina binamu," anaandika, akinisomea kwa sauti.
Nungunungu anajibu: *Aliyeiunda anao.*
Heldur anavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga kigae.

Mimi nakanda mkate mweusi. Sisemi kitu.

Kutoka kura wanafika bungeni,
kutoka bungeni kwa vijana wasiosalimia,
kutoka kwa vijana kwenye pensheni,
kisha nani aliiuza nchi, na kwa bei gani,
mara neno "mjinga" limeketi mezani
na hakuna anayekumbuka nani alilikaribisha.
Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.
Hawakujua itafika siku
dole ndilo ulimi.

Saa saba kasoro, kimya.
Heldur ananiita. Sauti yake si ya mshindi.
Nungunungu ameandika mstari mmoja:
*Umesema kweli. Hilo sikuwa nimelifikiria. Usiku mwema.*

Basi. Hakuna mwiba, hakuna kebehi.
Heldur amekaa kama mtu aliyeusukuma kwa bega
mlango uliokuwa wazi:
ameingia, ndiyo, lakini yuko sakafuni.
"Hilo lipi?" ananiuliza. "Amekubali lipi?"
Anarudi juu kusoma maneno yake mwenyewe,
taratibu, kama anavyosoma bili ya umeme,
na kwenye mstari wa arobaini hivi naona uso wake ukibadilika.
"Leili. Hapa nimetaja namba.
Sijui niliitoa wapi."
Anaandika kukiri, anafuta, anaandika tena.
Taa ya kijani ya Nungunungu imekwisha kuzimika.

Nafungua oveni. Mkate umepasuka upande mmoja.
"Wewe ungesemaje?" anauliza,
akiutazama mkate, si mimi.

Tangu kadi zile zije, kila uchaguzi
yeye hupiga kura mezani hapa, kwa namba yake ya siri,
nami huvaa viatu vya theluji nikaaga kwamba naenda kwa Urve.
Na kwa Urve hufika kweli. Baadaye.
Kwanza huingia ukumbi wa mazoezi wa shule,
wenye harufu ya mipira na nta,
nikakunja karatasi, nikaiachia,
nikaisikia ikizigusa nyingine chini ya sanduku.
Sauti ndogo mno. Naipenda.
Si hoja, najua; Nungunungu mwenyewe angeicheka.
Miaka yote hiyo Heldur hajawahi kuniuliza,
nami sijawahi kuulizwa nikakataa kujibu.

"Bado wa moto," nasema. "Ngoja upoe."
Namkatia kipande cha pembeni, kile cha ganda gumu.
Kesho nitamwambia.
Au nitajitafutia jina, niketi chumba cha pili
na taa nimezima, nimwandikie.
Nasikia wako wanyama wengi
ambao bado hawajachukuliwa.